Huduma ya unyenyekevu: asiyetawadhwa miguu hana wokovu?

shemasi_mpya
Bwana asifiwe wapendwa. Sabato ijayo ni Meza ya Bwana, na mashemasi tunaandaa huduma ya unyenyekevu, yaani kutawadhana miguu kabla ya mkate, kwa washiriki kama 60. Mabeseni mangapi, maji kiasi gani? Halafu lililo zito: Yohana 13:8, "Kama nisipokutawadha, huna shirika nami." Wapo wanaotoka nje kipindi hicho, wanarudi kwenye mkate tu. Tuwaambieje?

beseni_na_taulo
Watu 60 ni jozi 30. Mabeseni 10 yanatosha, kila moja jozi tatu, dakika tano tano. Usiyagawe nusu kwa nusu kati ya kina baba na kina mama kwa mazoea. Kina mama wakiwa 40, wapewe 7. Maji lita moja kwa mtu, yaani madumu matatu ya lita 20, vuguvugu. Yamiminwe kwa jagi juu ya mguu, beseni likinge chini. Hakuna anayependa kutumbukiza mguu kwenye maji ya mwenzake. Taulo moja kwa kila mtu. Ukileta 20 ukitegemea zitakauka, jozi ya mwisho itafutwa kwa kitambaa kibichi, na watoka nje wataongezeka. Kwenye vigae tandika magunia.

Kinachoharibu zaidi ni marafiki kuchaguana tangu mlangoni. Waliokosana hawatakutana kwenye beseni hata siku moja.

msoma_neno
Mtumishi, usiishie mstari wa 8. Wa 10 unatenganisha kuoga na kutawadha: aliyekwisha kuoga "hana haja ila ya kutawadha miguu". Na Yuda je? Anatoka mstari wa 30, miguu yake imeshatawadhwa. Maji hayakumwokoa.

Sasa tazama mavazi. Mstari wa 4 Yesu anayaweka kando, wa 12 anayatwaa. Kwa Kigiriki ni vitenzi vilevile vya Yohana 10:17, anapoutoa uhai wake ili autwae tena. Kiswahili chetu kimesema "kuweka" huku na "kutoa" kule, uzi ukakatika. Kwa hiyo beseni linaonyesha msalaba kabla ya msalaba, kama Wafilipi 2:8: alijinyenyekeza, akawa mtii hata mauti. Unyenyekevu unaookoa ni wake. Wa kwetu unafuata. Ndiyo maana Petro hakukemewa kwa kukataa kuosha, bali kwa kukataa kuoshwa. Wanaotoka nje waulizwe hilo, taratibu. Wengi si wagumu wa kuinama, wanaona haya kuinamiwa.

mkatoliki_mkimya
Kwetu ni Alhamisi Kuu jioni, baada ya homilia (mahubiri). Padre anavua kasula, vazi lake la juu la misa, na kuosha miguu. Papa Pius XII ndiye aliyeiingiza ndani ya misa hiyo mwaka 1955, na tangu Januari 2016 wanawake nao huchaguliwa. Si lazima ifanyike, kwa hiyo hakuna anayeihesabu kuwa sharti la wokovu. Kasoro yetu: miguu huja imeshasuguliwa na kupakwa mafuta nyumbani, na padre akabaki kuosha miguu misafi.

shemasi_mpya
Asanteni sana. Na mzee mwenye kidonda cha kisukari?

beseni_na_taulo
Mguu wenye kidonda uacheni, osheni ule mzima. Joto la maji lipime wewe kwa kiwiko, maana yeye anaweza asihisi akiungua. Msimloweke, mimina, kisha ukaushe vizuri katikati ya vidole. Kupiga magoti kukimshinda, mwenzake aketi kwenye kiti, beseni liwekwe juu ya kigoda.