Tupeane uzoefu: ulisoma riwaya ya upelelezi ndo ukacheki muvi yake, vilifanana?

Mwanzisha uzi
Wakuu habari za jioni, naanza mimi. The Maltese Falcon ya Dashiell Hammett, ya 1930, niliipata kwa muuza vitabu vya mtumba haina hata jalada, nikaimaliza siku mbili, halafu nikacheki muvi ya John Huston ya 1941 kitabu kikiwa mapajani. Aisee maongezi mengi yamebebwa vilevile mpaka nikawa nafuatisha kwa kidole. Kitabuni mpelelezi Sam Spade ni mrefu mwenye nywele za dhahabu, Humphrey Bogart anayemwigiza wala hafanani naye ila sikujali, akifungua mdomo tu ni Spade. Kilichoniuma ni kisa cha Flitcraft. Jamaa anaenda kula mchana, boriti inaanguka toka jengo linalojengwa, inamkosa kidogo tu, kipande cha njia kinaruka kinamchuna shavu, basi anaacha mke na watoto anapotea jumla. Spade anamsimulia Brigid, mteja wake, taratibu, na mimi pale ndo nilimwelewa Spade ni mtu gani, muvini wameikata yote. Nyie je?

Jirani wa Maktaba
Mkuu mimi kilichonikaa ni mwisho. Kwenye muvi Brigid anashushwa na lifti, imeisha. Kitabuni Spade anarudi ofisini, Effie, sekretari wake anayemwamini kuliko wote, anamwambia asimguse, na nje anasubiri Iva, mjane wa patna wake. Nilifunga kitabu nikakaa kimya, kamkabidhi Brigid, muuaji, kwa polisi na bado hana wa kumpa pole.

Msomaji wa Usiku
Mie nilianza na muvi, The Big Sleep ya Howard Hawks ya 1946. Nimerudia mara tatu natafuta nani kamuua yule dereva wa familia, nikanunua kitabu cha Raymond Chandler cha 1939 nikijua jibu limo, halimo! Kumbe hata Chandler walipomuuliza alisema hajui. Ila kitabuni aliyemuua Regan, yule jamaa aliyepotea, ni Carmen, binti mdogo wa tajiri aliyemwajiri mpelelezi Marlowe, muvini anabebeshwa Eddie Mars, mwenye kasino, enzi hizo udhibiti wa filamu Hollywood ulikuwa mkali mno.

Dada K
Jamani muvi ya The Long Goodbye ya 1973, nayo toka kitabu cha Chandler, mmeiona? Kitabuni Marlowe anamwacha rafiki yake Terry Lennox aende zake japo roho inamuuma, mwongozaji Robert Altman kamfanya amtwange risasi kulekule Meksiko. Nilizima TV. Juzi nimeirudia, muvi nzuri kweli, picha nzuri, lakini bado naona Marlowe kadhulumiwa, yule kosa lake lilikuwa kumpenda rafiki.