Gaza saa mbili, boya la gatini dakika nne

Wadau, niacheni niteme nyongo. Hili nimelala nalo tangu Jumanne na bado lanichoma.

Tulikwenda kikao cha kutoa maoni ya bajeti ya kaunti hapa Mombasa. Tumeitwa saa tatu asubuhi, waheshimiwa wakaingia saa tano kasorobo. Sisi wa mtaani tulikuwa na barua ya ukurasa mmoja na nusu, tumeichapisha kwa pesa za chai ya kibarazani. Tulitaka maboya mawili ya kumrushia anayezama yatundikwe pale gatini, mashine moja ya kushtua moyo iwekwe karibu na uwanja wa mpira, na vijana wachache wafunzwe. Basi.

Ajenda ya kwanza ikawa Gaza.

Kabla hamjanirukia: mimi ni Muislamu, dua ya qunuti ikisomwa naitikia amina kwa machozi kama nyinyi. Tangu Oktoba 2023 simu yangu imejaa picha za watoto wa kule. Sina neno na anayelaani dhuluma ile. Lakini mle ukumbini mmoja alitaka azimio liseme "tunalaani", mwengine akataka "tunalaani vikali", wa tatu akasimama ametoka mishipa ya shingo akitaka "vikali mno". Hapo dakika arubaini zishakwenda. Mwengine akauliza mbona Sudan haimo. Akazomewa. Halafu Sudan ikaongezwa, halafu wakagombana ipi itangulie. Saa mbili nzima!

Someni Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010. Mambo ya nje ni ya serikali ya kitaifa, ndiyo ya kwanza kabisa kwenye orodha yake. Kaunti imeachiwa zahanati, ambulensi, zimamoto, majanga. Yaani tulichokwenda kuomba ndiyo kazi yao.

Mimi najua kwa nini wanaipenda Gaza. Azimio halina tenda wala risiti. Hakuna mkaguzi atakayekuja mwakani kuuliza lile azimio mmelitundika wapi. Boya likitundikwa lataka kukaguliwa, kamba yake yaoza, likiibwa mtu ataulizwa.

Zamu yetu ilipofika, adhana ya adhuhuri ishaita na watu washaanza kutafuta viatu. Mzee wetu, nahodha mstaafu, akasimama na barua. Dakika nne, nilihesabu. "Shukran mzee wetu, hilo tutalipeleka kwenye kamati." Na mheshimiwa mmoja akacheka: "Hiyo mashine ya moyo si mambo ya hospitali, jamani?"

Wacha nimjibu hapa, kule sikupewa nafasi.

Mwaka jana mwenzetu alianguka kwenye mechi ya maveterani. Hakuna aliyemgusa, alikuwa akitembea kwenda kurusha mpira. Tukadhani anafanya mzaha. Kijana mmoja aliyefunzwa kazini kwake akaanza kumkandamiza kifua, sisi wengine tukimpepea kwa jezi na kumwagia maji usoni, ujinga mtupu. Ambulensi ilipigiwa, ikawa "iko njiani". Tukampakia kwenye tuktuk, miguu yaning'inia nje, na foleni ya jioni mnaijua. Tulipofika tukaambiwa tumeleta maiti. Mwanawe mdogo bado huja uwanjani na mpira wake, akikuangalia hujui useme nini.

Moyo ukianza kutetemeka badala ya kupiga, kila dakika inayopita bila kushtuliwa hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Sasa hesabu mwenyewe, mheshimiwa, foleni ile ni dakika ngapi. Hospitali itamfaa nini mtu aliyeshafika maiti? Mashine yenyewe haimtaki daktari. Ukiifungua yakwambia kwa sauti ubandike wapi, yapima, na kama moyo hauhitaji kushtuliwa yakataa kushtua. Christian Eriksen, mchezaji wa Denmark, alianguka vivyo hivyo Copenhagen tarehe 12 Juni 2021, Denmark ikicheza na Finland. Alishtuliwa pale pale kwenye nyasi, na baadaye akarudi kucheza Ligi Kuu ya Uingereza.

Na msiniambie madiwani wa kwingine pia wanabishana kuhusu Gaza. Najua. Kule Oxford, Uingereza, Oktoba 2023, madiwani walijiuzulu chama cha Labour kwa sababu hiyo hiyo hadi chama kikakosa wingi kwenye baraza la mji. Lakini Uingereza hiyo hiyo, vile vibanda vyekundu vya simu vilipokosa wapigaji, vijiji vingi vilivichukua kwa pauni moja na kuviwekea mashine ya moyo. Wagombane watakavyo, sanduku liko ukutani.

Boya letu gatini mwalijua ni nini? Mtungi mtupu wa lita ishirini uliofungwa kamba ya nailoni. Mji huu huu uliopoteza watu 272 kwenye feri ya Mtongwe mwaka 1994. Wavulana huruka pale kila jioni maji yakijaa, na anayeangalia ni muuza mihogo, ambaye hajui kuogelea.

Jana nimeukuta mtungi wenyewe umepasuka kwenye kifuniko, waingiza maji. Kuna mtu hapa anayejua ni duka gani mjini wanauza maboya ya kweli, yale magumu ya mviringo, na ni bei gani? Kibaraza tumeshaanza kuchanga.