Pinboli ya zamani: kamari au si kamari?

Wakuu, najua mtanirarua, lakini nasema meya La Guardia hakuwa mwendawazimu alipopiga marufuku pinboli, ule mchezo wa mashine ya gololi, jijini New York mwaka 1942 na kuzivunja mashine kwa nyundo mbele ya wapiga picha. Wapenzi wa mchezo huu hukimbilia kisa cha mchezaji Roger Sharpe: mwaka 1976 aliwaambia madiwani wa jiji kwamba gololi yake itapita njia ya katikati, akavuta springi, ikapita hapo hapo, marufuku ikaondolewa. Sawa. Ila mashine ya Sharpe ilikuwa na vile vikono viwili vya chini vya kuirudisha gololi juu. Vikono vya kwanza vya namna hiyo vililetwa na mashine ya Humpty Dumpty ya kampuni ya Gottlieb mwaka 1947. Kabla ya hapo unatumbukiza senti yako, unavuta springi, kisha unakodoa macho gololi ikigongagonga misumari mpaka ipate shimo. Na tangu 1933 ilikuwepo Rocket ya kampuni ya Bally: gololi ikiangukia shimo zuri, mashine yenyewe inakutemea sarafu. Hiyo kama si kamari ni nini?

— Mkuu, umejifunga goli mwenyewe. Ule mpigo wa Sharpe ulikuwa wa springi, vikono havikuhusika! Na springi ya kurushia gololi ina hataza ya Montague Redgrave ya mwaka 1871. Kwa hiyo ustadi ulikuwepo hata enzi za La Guardia. Halafu kama tatizo lilikuwa mashine kutema sarafu, kwa nini wasizuie hizo tu? Mashine ya Baffle Ball ya 1931 haikuwa na malipo yoyote, watu walicheza wapoteze mawazo wakati wa mdororo wa uchumi.

— Haikuwa na malipo ndani ya sanduku. Nje je? Mwenye baa anaangalia alama zako, anakupa bia au sigara. Baadaye wakaja na mchezo wa bure: unashinda michezo kumi, huichezi, mwenye duka anakulipa taslimu na kuifuta. Ndiyo maana mwaka 1957, kwenye kesi ya Korpan, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mashine za namna hiyo ni za kamari na zilipiwe kodi ya dola 250 kwa mwaka. Ukizuia tundu la kutemea sarafu, malipo yanahamia kaunta.

— Basi kosa ni la kaunta! Mbona karata hawakuzipiga nyundo?

Kwa springi nimeshikwa, nakubali, sikuliwaza hilo. Lakini kwa malipo sibanduki. Anayesema senti zile zilikuwa za ustadi mtupu anieleze: kwa nini Bally waliweka sarafu ndani ya Rocket, wakati mchezo ulikuwa tayari unauzika bila hizo?