Hellripper wa Uskoti: damu mpya ya blaki-thrashi au kopi ya Venom?

Chuma_cha_Tanga: Wakuu, salaam. Hellripper ni James McBain, Mskoti, alianza 2014, na studio anapiga kila kitu mwenyewe. Albamu yake ya 2023, Warlocks Grim & Withered Hags, siichoki. Ni blaki-thrashi, mchanganyiko wa aina mbili za metali: kasi ya thrashi, sauti ya kukwaruza ya blaki, na juu yake solo za gitaa zinazoimbika. Je, anaufufua muziki wa bendi za zamani, Venom wa Newcastle, Uingereza, na Bathory wa Sweden, au anatuuzia mitumba iliyopigwa pasi? Msimamo wangu: anaufufua, na miaka hii sijasikia anayemkaribia.

Kinanda64: Mitumba. Venom walitoa Black Metal 1984 wakiwa hata vyombo hawajavimudu, na uchafu ule ndio ulikuwa utamu wenyewe. Huyu anapiga safi mno, kila rifu, yaani kipande cha gitaa kinachorudiwarudiwa, imekaa mahali pake. Halafu mtu mmoja si bendi. Na tuambizane ukweli: mtu aliyekulia Ngamiani, Tanga, ataijuaje Newcastle ya wakati ule? Vya watu tuwaachie wenyewe.

DadaRifu: Ni 1982, mkuu. 1984 ni albamu ya kwanza ya Bathory, na mwaka huohuo Metallica walizunguka Ulaya wakiwatangulia Venom jukwaani.

Chuma_cha_Tanga: Kinanda64, Ngamiani imeingiaje hapa? Nimeuliza habari za gitaa, wewe unanitajia mtaa. Kwa hiyo sisi wa Tanga tumeandikiwa taarab tu? Taarab ninaipenda na nimelelewa nayo, lakini hakuna aliyekupa funguo za masikio yangu.

Kinanda64: 82 au 84, hoja yangu iko palepale. Naona povu tu. Nimesema hasira ya watu wa Newcastle hairithiwi kwa kusikiliza.

Mbavu_Nairobi: Wacha hiyo, buda. Sepultura walitoa rekodi yao ya kwanza 1985, Belo Horizonte, Brazil. Mwimbaji wao wa mwanzo, Wagner, akaenda kuwa na bendi nyingine, Sarcófago, wakatoa I.N.R.I. 1987. Hao walikuwa vijana wa Brazil, na baadaye Wanorwe wa blaki wakawa wanawaangalia wao! Huu muziki haujawahi kukaa kwao. Njoo Botswana uone watu na majaketi yao ya ngozi juani, wana bendi ya Wrust, wana Skinflint, wana Overthrust. Nani atawaambia warudishe?

Kinanda64: Botswana wana vitu vyao. Mimi nasema juu ya mtu kuiga.

DadaRifu: Lakini McBain mwenyewe hakuwa amezaliwa Venom wanaanza. Kwa kipimo chako, hata Mskoti hana ruhusa. Tena tazama anaimba nini. Jina la albamu ameliokota kwenye shairi la Robert Burns lililochapwa 1786, mshairi wa kwao. Ndani mna dude la baharini la hadithi za visiwa vya Orkney, mna na zumari za Kiskoti. Venom hawakuwa na hayo. Amechukua mwendo wa zamani akaupakia mizimu ya nyumbani kwake. Mnaoita hiyo kopi mniambie nakala halisi iko wapi.

Mtumishi_K: Mizimu, wachawi, mbuzi. Jamani, mnashangilia kasi ya gitaa hamjiulizi mnaingiza nini rohoni. Nina watoto, nasema kwa uchungu.

Mbavu_Nairobi: Mtumishi, bibi yangu alinisimulia majini na mazimwi kila usiku na bado Jumapili alikuwa wa kwanza kanisani. Hadithi ya kutisha haimfanyi mtu mchawi.

Mtumishi_K: Bibi yako alikuwa anakuonya. Hawa wanaabudu.

DadaRifu: Shairi lenyewe la Burns linamtania shetani, Mtumishi. Lisome kwanza ndipo uje kutuhukumu. Na albamu yake ya 2020, The Affair of the Poisons, jina linatoka kwenye kesi za sumu na uchawi za Ufaransa enzi za Louis wa 14, ambako watu waliteswa na kuuawa. Hiyo ni historia. Kuiimba si kuiabudu.

Mtumishi_K: Dada, mimi sihukumu, nimeonya. Kuna tofauti.

Chuma_cha_Tanga: Turudi kwenye mada, tafadhali. Kinanda64 kasema mtu mmoja si bendi na hakuna aliyemjibu. Albamu za Nordland za Bathory, kiongozi wao Quorthon alipiga vyombo vyote mwenyewe. Bendi ya Midnight ya Cleveland, Marekani, studio ni Athenar peke yake. Toxic Holocaust alianza hivyohivyo, Joel Grind na vyombo vyake. Hii aina imejengwa na watu wapweke wenye uchu. Na McBain akipanda jukwaani anakuja na wenzake.

Kinanda64: Quorthon unayemtaja ni wa mwisho wa safari. Bathory ya 1984 ilikuwa na watu watatu chumbani, wanakosea pamoja. Hayo makosa ndiyo ninayoyatafuta kwa Hellripper na siyapati. Sijasema hajui kupiga, nimesema hanitishi.

Chuma_cha_Tanga: Sasa umeanza kusema kitu. Ungeanza na hili ukaiacha Ngamiani.

Kinanda64: Ngamiani uliing'ang'ania wewe.

Mbavu_Nairobi: Anayetaka kutishwa akawasikilize Duma wa hapa Nairobi, albamu ya 2020, imetolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kelele, mashine, mayowe. Hakuna aliyeifanya kabla yao.

DadaRifu: Duma si thrashi hata kidogo! Hakuna rifu mle.

Mbavu_Nairobi: Nani kakuambia metali lazima iwe na rifu?

DadaRifu: Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, tangu 1970. Fungua uzi mwingine nikufuate huko, hili silimezi.