Madiwani wanapima futi za barabarani, ndani ya vilabu hawataki kuangalia

Ndugu zangu, nimechoshwa na halmashauri za miji zinazojisifu kwamba zimedhibiti biashara ya burudani ya watu wazima, ilhali kilichodhibitiwa ni anwani tu. Sheria ndogo zao zimejaa vipimo vya umbali kutoka shuleni, kanisani, bustanini na kwenye makazi ya watu, lakini kuhusu yanayompata mnenguaji, yaani mchezaji dansi anayevua nguo klabuni, akishaingia kazini, nyingi hazina hata kifungu kimoja cha maana.

Mtindo huu ulianza zamani. Mwaka 1972 Detroit ilikataza majumba ya sinema za ngono na biashara za aina hiyo kurundikana ndani ya futi 1,000, na mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaibariki sheria hiyo. Renton, mji ulio jirani na Seattle, ulipitisha ya kwake mwaka 1981, kabla hata biashara yenyewe haijaingia mjini, kwa kutegemea yaliyowapata majirani. Kesi ilipofika mahakamani, mji ulidai kwamba umebakiza ekari 520 ambako sinema hizo zingeweza kufunguliwa. Tazameni ni ardhi gani: ndani yake kulikuwa na mtambo wa kusafisha majitaka, uwanja wa mbio za farasi, maghala na matangi ya mafuta. Mwaka 1986 mahakama hiyo hiyo ikasema inatosha.

Hasira yangu inaanzia hapo. Biashara ya usiku inaposukumwa kwenye maghala, mwenye klabu hapotezi usingizi, kwa kuwa wateja wake wana magari. Anayeumia ni mwanamke anayetoka kazini saa tisa za usiku katika mtaa usio na jirani wa kusikia akipiga kelele. Diwani aliyepiga kura hiyo atasimama jukwaani na kusema amelinda familia, kana kwamba huyo mwanamke hana familia.

Isitoshe, wenye biashara hujifunza vipimo hivyo haraka kuliko maofisa. New York ilipobana masharti mwaka 1995, maduka yalijipanga ili bidhaa za ngono zisifike asilimia 40 na duka lisihesabiwe kuwa la ngono: kanda za kawaida ambazo hakuna aliyezitaka zikajazwa kwenye rafu, na biashara yenyewe ikaendelea kama kawaida. Kesi za kuuziba mwanya huo ziliendelea kwa miaka mingi. Nako England na Wales, sheria ya mwaka 2009 iliyozipa halmashauri mamlaka ya kutoa leseni kwa vilabu hivi inasamehe ukumbi unaoandaa maonyesho yasiyozidi 11 kwa mwaka, mradi yapishane kwa angalau mwezi mmoja. Mnenguaji wa usiku huo mmoja analindwa na nani?

Halafu kuna suala la pesa, ambalo madiwani hawaligusi kabisa. Katika vilabu vingi mnenguaji huhesabiwa kuwa amejiajiri, kwa hiyo yeye ndiye anayemlipa mwenye klabu ili aruhusiwe kufanya kazi zamu hiyo, na usiku ukiwa mbaya anarudi nyumbani na deni. Jimbo la Washington, ambamo Renton imo, lilitunga sheria mwaka 2024 inayoweka kikomo cha ada hizo, inayokataza deni kubebeshwa zamu inayofuata, na inayodai kengele za dharura ndani ya vilabu. Ilibidi jimbo lifanye hivyo, tena baada ya wanenguaji wenyewe kupiga kelele kwa miaka. Halmashauri ya Edinburgh, huko Scotland, nayo iliamua mwaka 2022 kwamba idadi ya vilabu inayofaa ni sifuri. Wanenguaji, kupitia chama chao cha wafanyakazi, wakaenda mahakamani pamoja na wenye vilabu, na mwaka 2023 uamuzi huo ukaonekana kuwa kinyume cha sheria. Watu walikuwa tayari kushtaki ili wasikilizwe, na bado tunaambiwa halmashauri inawahurumia.

Mamlaka ya kufanya vizuri zaidi yapo. Leseni ya England na Wales haizidi mwaka mmoja, na halmashauri inaruhusiwa kuiwekea masharti. Basi kila inapohuishwa, ofisa wa leseni adai mikataba ya wanenguaji, orodha ya ada na faini wanazotozwa, na ushahidi kwamba kengele ya dharura inafanya kazi, na klabu isiyokuwa navyo inyimwe leseni hata kama iko futi 5,000 kutoka shule iliyo karibu.