Lisbon siku nne na bi mkubwa: kipi tusikikose?

Swali (Mkunazini, Unguja)
Asalam alaykum ndugu zangu. Julai tunapita Lisbon, mimi na mama. Tunateremka Ijumaa asubuhi, tunaondoka Jumatatu jioni. Mama magoti yanamsumbua, kwa hiyo sitaki kumzungusha kila kanisa na kila sanamu. Kipi hasa tusirudi bila kukiona? Na msikiti na chakula je?

Jibu (Chake Chake)
Waalaykum salaam. Kabla ya mnara wowote, nendeni Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes, muulizie Custódia de Belém. Ni chombo cha ibada cha Wakristo, cha dhahabu, kilichotengenezwa 1506 kwa amri ya mfalme Manuel I. Dhahabu yenyewe ni kodi aliyotozwa sultani wa Kilwa na Vasco da Gama mwaka 1502. Sogeeni karibu muone mitume 12 waliopigishwa magoti, wadogo mno, wametiwa rangi. Kwa mtu wa mwambao huu, Lisbon haina kitu kikubwa kuliko hicho.

Fanyeni hayo Jumamosi pamoja na mtaa wa Belém. Jumatatu makumbusho mengi hufungwa, na Jumapili asubuhi kanisa la Jerónimos, la huko Belém, lina misa. Kaburi la Vasco da Gama limo ndani ya kanisa hilo, kushoto ukiingia. Halimo kwenye ua wa ndani, ambao una tiketi yake. Nje, mbele ya mnara wa Padrão dos Descobrimentos, kuna ramani ya dunia ya marumaru chini, yenye miaka Wareno walipofika kila pwani. Itafuteni pwani yetu.

Tahadhari moja: tramu ya 15E inakwenda Belém vizuri, lakini kwa makumbusho hukuacha chini, na ngazi za kupandia ni nyingi. Kwa ajili ya mama rudini kwa basi la 714 au 727, hupita mtaa huo huo wa makumbusho.

Jibu (Malindi, Unguja)
Msikiti Mkuu wa Lisbon, uliofunguliwa 1985, uko karibu na kituo cha metro cha Praça de Espanha. Kutoka uwanja wa ndege shikeni njia nyekundu mpaka mwisho, São Sebastião, kisha ya buluu kituo kimoja tu. Julai adhuhuri huingia kama saa saba na dakika 40, na magharibi kama saa tatu usiku. Msipange chakula cha jioni kwa saa za nyumbani. Saa zao ziko mbili nyuma yetu. Baada ya Ijumaa mama apumzike kwenye bustani ya Gulbenkian, iko jirani, ina kivuli na haina kiingilio.

Kadi ya usafiri inaitwa navegante. Kila mtu na yake, mlango haukubali wawili kwa kadi moja. Na ukishatia pesa za zapping, yaani salio linalokatwa kila ukisafiri, usijaribu kutia tiketi ya siku kwenye kadi hiyo hiyo kabla pesa hazijesha. Hapo ndipo wageni wengi hukwama mashineni.

Jibu (Wete)
Tramu ya 28 msende nayo. Ina vidato virefu, watu wamebanana, na wezi wa mifukoni ndiyo mahali pao. Kwenda juu ngomeni, Castelo de São Jorge, basi dogo la 737 linatoka Praça da Figueira. Ngome hiyo ilikuwa ya Waislamu mpaka 1147. Mtaa wa chini yake, Alfama, jina lake ni la Kiarabu, chemchemi za maji moto. Vichochoro vyake vilisalimika na tetemeko la 1755, ndiyo maana mtu wa Mji Mkongwe akiingia hapotei moyo. Teremkeni, msipande.

Mawe ya njia ni meupe, madogo, yamesuguka mpaka yanateleza hata yakiwa makavu. Mama avae viatu vya soli ya mpira.

Chakula cha halali kipo Martim Moniz na mtaa wa Benformoso. Kwengineko ulizeni kuhusu neno "banha", ni mafuta ya nguruwe, na huweza kuwamo hata kwenye vitobosha. Bacalhau ni samaki wa chumvi, mfano wa ng'onda. Akipikwa bila kurowekwa vya kutosha hamtamuweza. Julai kuleni dagaa wakubwa wa kuchoma, sardinhas, hao hawana shaka.