Kikundi: UKOO WA BIBI KIGAMBONI 🌊

*Jumapili*

Mama Zai: Asalaam alaykum. Shikamoo bibi, shikamoo mjomba, kaka Idrisa shikamoo. Nina maswali ya fizikia ya kukusanya kesho, naomba msaada

Idrisa: Waalaykum salaam. Mama mdogo, leo unaniamkia mimi? 😂

Mama Zai: Ni Zai. Natumia simu ya mama, yuko jikoni

Idrisa: Aaah. Marahaba. Haya lete

Mama Zai: 📷 Picha

Idrisa: Umepiga na kivuli cha mkono wako, sioni kitu. Liandike. Tena kwa Kiswahili, nione kama umelielewa

Mama Zai: Basi likiwa na spidi ya 36 km/h linafunga breki na kusimama ndani ya mita 10. Breki zikikamata vilevile, likiwa na 72 km/h litasimama ndani ya mita ngapi?

Mama Zai: Mimi nimepata 20. Spidi mara mbili, umbali mara mbili

Mjomba Rama: Weee! Nani kakwambia

Mjomba Rama: Mjomba nimeshika usukani miaka 19. Ukiwa na thelathini na kitu unagusa breki gari linakusikiliza. Ukiwa na sabini, gari ndo linaanza kukusikiliza ushafika kwenye gari la mwenzio

Idrisa: Sikiliza huyo. Zai, umetumia fomula gani?

Mama Zai: Sijatumia, nimekisia 🙈

Mama Idrisa: Idrisa mpe mtoto majibu akalale, kesho shule

Idrisa: Mama, nikimpa majibu na mtihani nitamfanyia mimi? Zai, muda umepewa?

Mama Zai: Hapana

Idrisa: Basi fomula zenye t, yaani muda, ziache. Chukua v² = u² + 2as: v spidi ya mwisho, u ya mwanzo, a mchapuko, s umbali. Na kabla hujagusa chochote badili km/h iwe m/s, gawa kwa 3.6

Mama Zai: 36 ni 10. 72 ni 20

Idrisa: 10 nini? Mbuzi?

Mama Zai: 10 m/s 😩

Mama Zai: 0 = 100 + 2 × a × 10. a = -5 m/s²

Mama Zai: Halafu 0 = 400 - 10s

Mama Zai: Mita 40???

Idrisa: Mita 40. Spidi imezidi mara mbili, umbali umezidi mara nne. Breki inapambana na nishati ya mwendo, na hiyo inakua kwa spidi mara spidi yenyewe

Mjomba Rama: Si nilisema. Na hapo hamjahesabu mguu

Mama Zai: Mguu gani mjomba

Mjomba Rama: Wangu. Mpaka nione mtoto kakatiza barabara, akili iambie mguu, mguu utoke kwenye mafuta uende kwenye breki. Gari linakungoja?

Idrisa: Kweli kabisa. Sema ukichelewa sekunde moja tu, kwa 20 m/s umeshakula mita 20 hujagusa breki. Jumla 60. Ila Zai usiandike hiyo, swali halijauliza

Mjomba Rama: Hao wanaotunga maswali waje wapande na mimi Tegeta mpaka Mwenge. Breki ikishika ndo inamsukuma abiria anaangukia kwenye kioo

Idrisa: Hapo mjomba nakukatalia kidogo. Hakuna kinachomsukuma mbele. Basi limepunguza mwendo, yeye anaendelea na ule aliokuwa nao. Newton kaiandika tangu 1687

Mjomba Rama: Aje amwambie konda wangu mwenye nundu

Idrisa: 😂😂 Konda wako gari likiondoka si anarudi nyuma? Nani anamvuta nyuma?

Mjomba Rama: Hmm

Mjomba Rama: Hapo umenishika. Miguu inaondoka na gari, yeye anabaki

Mama Zai: La pili. Boya liko baharini, linapanda na kushuka mara 15 kwa dakika. Kutoka kilele kimoja cha wimbi mpaka kinachofuata ni mita 20. (a) Tafuta mwendokasi wa wimbi. (b) Baada ya dakika moja boya litakuwa limesogea mita ngapi kuelekea ufukweni?

Mama Idrisa: Mwendokasi si yale mabasi ya Kimara?

Idrisa: Mama 😂 haya mengine hayana foleni ya kadi

Mama Zai: (a) 15 × 20 = 300 m/s

Idrisa: Zai. Boti la Zanzibar linatumia karibu saa mbili. Hilo wimbi lako linatoka Unguja linafika hapo Feri kwa dakika nne. Umeliona wapi?

Mama Zai: Si ndo fomula, frikwensi mara urefu wa wimbi

Idrisa: Fomula sawa. Frikwensi inahesabiwa kwa nini?

Mama Zai: Kwa sekunde. Aaa. 15 gawa 60 = 0.25 Hz. Mara 20 = 5 m/s

Mjomba Rama: Hilo sasa wimbi. Baiskeli ya muuza mkate

Mama Zai: Kwa hiyo (b) ni 5 × 60 = mita 300

Bibi: 🎤 1:14

Mama Zai: Bibi samahani spika ya simu hii inakoroma, sisikii

Mama Idrisa: Ngoja nimwandikie. Bibi anasema: "Huyo mwalimu ameshatega hata siku moja? Marehemu babu yenu alikuwa anafunga madumu ya njano kwenye jarife, ule wavu mkubwa wa samaki. Anatupa magharibi, alfajiri anayafuata. Usiku kucha mawimbi yanapita chini yake, dumu linapanda linashuka, linapanda linashuka. Lingekuwa linakwenda na wimbi si tungekuwa tunayaokota mlangoni? Ukiliona limehama jua mkondo umelivuta. Na mkondo saa nyingine unavuta kwenda nje huku mawimbi yanakuja ndani."

Idrisa: Bibi nakuunga mkono, lakini madumu ya babu si yalikuwa na nanga?

Bibi: 🎤 0:19

Mama Idrisa: "Jarife lilikuwa na nanga. Na dafu tupu nalo lina nanga? Nenda kakae pale ufukweni, litazame dafu lililo nje ya mahali wimbi linapovunjika. Usiniletee usomi."

Mjomba Rama: 😂😂😂 Mlimani kimeumana

Idrisa: Nimenyoosha mikono. Zai, jibu?

Mama Zai: Sifuri? Linapanda na kushuka tu?

Idrisa: Sifuri. Wimbi linasafirisha nishati, maji yenyewe yanazunguka hapohapo yanarudi. (b) waliiweka makusudi wakunase kwa fomula

Mama Zai: La mwisho rahisi. Mtu anapiga kofi mbele ya ukuta wa ghala, mwangwi unamrudia baada ya sekunde 0.5. Sauti inakwenda 340 m/s. Ukuta uko umbali gani?

Idrisa: Hilo la kumalizia. 340 × 0.5 = mita 170. Andika, funga daftari

Mama Zai: Kaka

Mama Zai: Sauti si imekwenda na kurudi?

Idrisa: …

Mama Zai: Mimi nina 85

Mama Zai: Mita 85, kabla hujauliza mbuzi

Mjomba Rama: 🤣🤣🤣 Dada, mrudishe mwanao kidato cha tatu

Mama Idrisa: Ada nilikuwa nalipa ya nini mimi

Idrisa: Nilikuwa nampima

Bibi: 🎤 0:06

Idrisa: Mama hiyo usiiandike

Mama Idrisa: "Alikuwa anapimwa nani?"

*21:07*

Mama Zai: Idrisa ile hela ya mchezo unatuma lini? Zamu ya Mama Salma ni kesho asubuhi

Idrisa: Wee Zai maliza kwanza kunakili, usijitie mtu mzima. Na uandike vizio!

Mama Zai: Zai amelala. Ni mimi mama yako mdogo

Idrisa: Shikamoo mama mdogo 🙏🏾

Mama Zai: Marahaba. Elfu ishirini. Ishirini nini? Shilingi, sio mbuzi